Miaka mitatu Jambiani: maji kujaa na kupwa yalivyonibadilishia afya (uzi mrefu kidogo)

#1 Mgeni wa Kusini

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Dar. Ana miaka 34, ametoka kuambiwa ana presha, na swali lake lilikuwa moja: "Kaka, huko kisiwani unakula nini?" Anakumbuka nilivyokuwa. Nikaanza kumjibu kwenye simu, nikaona nababaisha, maana chakula ni kipande tu cha jibu. Nimekaa nimeandika kwa utulivu. Naweka hapa ili wenye hali kama yake wasome, na mnaoishi visiwa vingine mnisahihishe nilipoteleza.

Mimi ni mtu wa bara, nimekulia Tabata. Mpaka nafikisha miaka 41 maisha yangu yalikuwa ya kukaa: kiti cha daladala, kiti cha ofisi, kiti cha daladala tena, halafu kochi. Natoka saa kumi na moja alfajiri kuikimbia foleni, narudi saa mbili usiku. Mchana chipsi kuku au wali kwa mama lishe, soda baridi juu yake. Nilikuwa na kilo 97. Siku niliyopimwa mashine ilisoma 164 kwa 102, nesi akahamia mkono wa pili akapima upya, ikasoma vilevile. Nikaanzishiwa vidonge vya aina mbili.

Miezi michache baadaye nikapata kazi ya kushika hesabu za nyumba ndogo ya wageni huku Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Nilifuata kazi, sikufuata afya. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu yote nitakayoeleza sikuyapanga, niliyakuta na yakanichukua.

Kwanza kabisa ni maji. Asiyeishi pwani anadhani bahari iko palepale siku zote. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunaingia bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana. Bamvua huku kwetu maji hukauka kwenye saa nne asubuhi hivi, na unaweza kutembea zaidi ya kilomita nzima kwa miguu kwenye mchanga na majani ya bahari mpaka ufike mwambani, pale mawimbi yanapovunjika. Baada ya wiki yanakuja maji mafu, bahari haiendi mbali. Kijiji kizima kinafuata saa hiyo. Mwanzoni nilikuwa nikimuuliza fundi atakuja saa ngapi, ananijibu "maji yakishajaa", nami nabaki sijui niandike nini kwenye daftari.

Mwenye nyumba wangu ni bi mkubwa aliyeshapita miaka 70. Jumapili yangu ya kwanza alinikuta nimekaa barazani na simu, saa tatu asubuhi.

"Mwanangu, u mgonjwa?"

"Hapana bibi, napumzika."

"Basi inuka twende tukatazame pweza, maji yashatoka."

Nikadhani tunakwenda hapo mbele. Tulitembea saa mbili na nusu. Yeye mbele, kanga kaifunga kibwebwe, mkononi ana chuma chembamba cha urefu wa mkono. Mimi nyuma, nahema. Mahali fulani akasimama mbele ya tundu ambalo mimi nilikuwa nimeshalipita. Akanionyesha kwa ncha ya chuma: mdomo wa tundu ni msafi kama umefagiwa, na pembeni pana kirundo cha magamba ya kaa na makombe yaliyopasuliwa. "Anakula ndani, uchafu anautupa mlangoni," akasema. Akakiingiza chuma taratibu, akasubiri, akakizungusha, na mkono wa pweza ukajiviringisha juu yake. Siku mbili mapaja yalinikaza, ngazi nilikuwa nashuka kwa kushika ukuta. Bibi siku ya pili yake alikuwa amekwenda tena.

Tangu siku ile kila bamvua nakwenda. Hakuna anayeniandikia ratiba ya mazoezi. Maji yakitoka watu wanatoka, ukibaki barazani unaulizwa kama unaumwa.

Pili ni njia. Kijiji kimelala kwa urefu kando ya bahari, kilomita kadhaa, na vichochoro vyake ni mchanga na mawe. Nilinunua baiskeli ya mtumba. Kazini baiskeli, dukani baiskeli, msibani kwa miguu. Mtu ambaye Dar alikuwa anachukua bodaboda kutoka kituoni mpaka getini, leo sihisi kama nimetembea mpaka nipite nusu saa.

Tatu ndiyo hiyo ya chakula. Jioni, au asubuhi kutegemea maji, nashuka dikoni. Ngalawa zikifika samaki wananadiwa palepale mchangani. Mimi mtu mmoja sinunui ndoo, nasubiri mtungo: changu watatu wanne, au tasi, wametungwa kwenye ukuti. Jicho bado linang'aa. Bibi ndiye aliyenifundisha chukuchuku. Samaki anaoshwa kwa ndimu, anawekwa sufuriani na maji, kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, bizari kidogo, chumvi kidogo, ndimu nyingine mwishoni. Hakuna tui, hakuna tone la mafuta. Unakula na muhogo wa kuchemsha au wali mdogo, na matembele pembeni. Kwa tui tunapika pia, siwezi kudanganya, lakini chukuchuku ndiyo ya siku nyingi. Msimu wa shelisheli nakula shelisheli, msimu wa maembe nakula maembe. Nyama ya ng'ombe naiona labda wiki mara moja, na soda nimeiacha bila kuapa, kwa sababu dafu liko karibu kuliko friji.

Na usingizi. Shughuli huku zinaanza na adhana ya alfajiri, kwa hiyo saa tatu na nusu usiku macho yanafunga yenyewe. Dar saa hiyo nilikuwa ndiyo kwanza natafuta chakula.

Sasa nina kilo 80. Mara ya mwisho presha ilikuwa 128 kwa 82, na daktari amenipunguzia kutoka vidonge viwili hadi kimoja. Hicho kimoja nakimeza kila siku. Tafadhali mtu asiache dawa kwa sababu ya uzi wangu.

#2 Kibaigwa Boy

Hongera sana mkuu, umeandika vizuri. Ila nina swali la haki kabisa. Kama kisiwa ndiyo dawa, mbona ndugu zetu wengi wa Zanzibar wana presha na kisukari? Shemeji yangu amezaliwa Unguja, hajawahi kuishi bara, na sukari inamsumbua tangu hajafika 50. Bahari anaiona kila siku. Isije ikawa wewe umepona kwa kubadilisha kazi tu.

#3 Mgeni wa Kusini

Mkuu, hili ndilo swali lenyewe, na limenisumbua hata mimi.

Ukitaka kuona kwamba bahari peke yake haimlindi mtu, tazama Nauru, kule Pasifiki. Kisiwa kidogo cha kilomita 21 za mraba. Wenyeji walikuwa wavuvi, wanakula samaki, nazi na matunda ya mkadi. Ikagunduliwa fosfeti, ikaanza kuchimbwa mwaka 1907, na baada ya uhuru wa 1968 nchi ikawa na hela nyingi kwa idadi ya watu wake. Katikati ya kisiwa pakachimbwa pakabaki mawe matupu, pasilimike. Chakula kikawa cha meli: wali, sukari, nyama ya kopo, vinywaji vya chupa. Magari yakaingia kwenye kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu kwa siku moja. Uchunguzi uliofanyika katikati ya miaka ya 1970 ukakuta karibu thuluthi ya watu wazima wana kisukari. Bahari ni ileile, upepo uleule.

Weka hiyo karibu na Kitava, Visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea. Daktari wa Sweden, Staffan Lindeberg, alikwenda kupima watu huko, na miaka ya 1990 akachapisha aliyoyakuta. Wakazi kama 2,300, wanakula viazi vikuu, viazi vitamu, majimbi, matunda, samaki na nazi, na chakula cha dukani kilikuwa karibu hakuna. Hakukuta dalili za kiharusi wala ugonjwa wa mishipa ya moyo, wazee wembamba, presha ziko chini. Na wengi wao walikuwa wanavuta sigara! Nazi walikula kila siku, jambo linalonifanya nisiwe mwepesi wa kulitupia tui lawama zote.

Kwa hiyo shemeji yako na bi mkubwa wangu wanaishi kisiwa kimoja, lakini maisha yao si mamoja. Sijui shemeji anafanya kazi gani, lakini mimi nikienda Mjini kwa kazi za benki nakaa siku tatu, na siku hizo tatu narudi Tabata kabisa: gari, kiti, maandazi, chai ya sukari vijiko vitatu, urojo jioni. Urojo naupenda, sitauacha, ila ukiula umekaa na kushinda umekaa, kisiwa hakikusaidii kitu.

#4 Bint Micheweni

Asalaam aleikum kaka. Uzi mzuri, nimefurahi hasa hapo kwa bibi na pweza. Kwetu Pemba bibi zetu ni hivyohivyo.

Lakini naomba useme na upande wa pili. Mama yangu amelima mwani miaka zaidi ya ishirini. Watu wakimuona anatoka baharini wanasema "mazoezi hayo, ndiyo maana ana afya". Kaka, si mazoezi. Ameinama saa nne kiunoni maji, anafunga mwani kwa taitai (vikamba vyembamba), halafu anabeba gunia linalovuja maji ya chumvi kichwani mpaka ufukweni. Mgongo umekwisha, macho yanawasha kwa mng'aro wa jua. Na chai anayokunywa kabla ya kushuka ni sukari tupu na mkate mweupe, kwa kuwa samaki mzuri wameshapelekwa hotelini. Afya ya kisiwani ina mwenyewe.

#5 Mgeni wa Kusini

Waalaikum salaam dada. Umesema kweli, na ningekuwa nimekosea kama uzi ungeisha bila hili.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianzia huku kwetu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kila bamvua nawaona wakishuka na kamba na vigingi wakati mimi nashuka na fimbo yangu kutembea. Hatufanyi kitu kimoja. Mimi nikichoka narudi. Wao wana mistari ya kumaliza kabla maji hayajarudi, na siku hizi maji ya karibu na ufukwe yanapata joto kali, ule mwani mnene wenye bei nzuri unaoza, kwa hiyo wengine wanalazimika kwenda kwenye maji ya kina kirefu.

Hapo kwenye kina ndipo panaponiuma zaidi. Wanawake wengi waliotumia maisha yao yote ndani ya bahari hawajui kuogelea. Bi mkubwa wangu hajui. Miaka 70 na ushee yuko mwambani kila bamvua, na maji yakimpita kifuani hana la kufanya. Nilipomuuliza alinijibu kwamba enzi zao msichana kuogelea lilikuwa jambo la aibu, nguo inashika mwili. Nungwi, kule kaskazini, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi ya kusitiri mwili mzima, na wengine wakawa walimu wa wenzao. Natamani kila kijiji cha pwani kiwe na darasa kama hilo, kwa sababu kuogelea ndiyo zoezi lisiloumiza goti wala mgongo, liko mlangoni kwao, na ndilo linalomrudisha mtu nyumbani hai.

Na suala la samaki kwenda hotelini ni kweli tupu. Pweza na jodari dikoni vinachukuliwa na wenye magari kabla mnada haujachangamka. Mimi ni mmoja wa watu ambao kazi yao inalipwa na wageni haohao, kwa hiyo nalisema nikijua nimesimama wapi. Kinachobaki kwa bei ya mwanakijiji ni dagaa na samaki wadogo. Bahati ni kwamba dagaa ni chakula kizuri mno, unamla na mifupa yake, tatizo ni wanavyokaangwa wakielea kwenye mafuta.

#6 Nesi Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi ya unesi miaka 31, mingi pwani. Nachangia mawili.

La mafuta. Mauritius, kisiwa chenzetu cha Bahari ya Hindi, mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyotumiwa na watu wengi. Yalikuwa ya mawese kwa sehemu kubwa, yakawa ya soya. Walipopima tena mwaka 1992 kolesteroli ya wastani (mafuta ya kwenye damu) ilikuwa imeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 mmol/L. Kampeni yao ilihimiza mazoezi pia, lakini hakuna aliyehama. Sehemu ya kilichobadilika ni kilichomo sufuriani. Kisukari lakini kimebaki kingi kwao mpaka leo. Wakati nilipokuwa kazini nilikuwa nasimulia hili kila kliniki ya presha.

La pili ni maji ya kunywa. Mgeni wa Kusini, visima vya pwani ya mashariki vingine vina chumvi. Mtu anapunguza chumvi kwenye mchuzi, anaila kwenye chai. Wewe maji yako ni ya wapi?

#7 Mgeni wa Kusini

Shikamoo mama. Ahsante sana, hilo la Mauritius nitamtumia binamu yangu leo hii.

Maji: umenipata pabaya. Miezi minne ya kwanza nilikuwa nakunywa ya kisima cha jirani yakichemshwa, ladha ya chumvi nikaizoea. Presha ilikuwa inashuka kidogo kisha inapanda, nami nashangaa, kila kitu nafanya. Mganga wa kituoni ndiye aliyeniuliza swali hilohilo lako. Sasa nakinga ya mvua kwenye tangi wakati wa masika, na miezi ya kiangazi nanunua madumu. Visima vyenyewe si kosa la mtu. Chini ni jiwe la matumbawe, lina matundu, na ukivuta maji mengi kuliko mvua inavyorudisha, bahari inaingia chini kwa chini. Kila jengo jipya lenye bwawa la kuogelea linavuta kutoka kwenye tabaka hilohilo ambalo bibi anateka kwa ndoo.

#8 Mlamu

Raha ya kutembea mnaijua nyinyi? Njooni Amu, yaani Lamu. Mji wa kale umo kwenye urithi wa dunia tangu 2001, mitaa yake ni myembamba, punda wawili wakikutana mmoja husubiri. Hakuna gari la kumpeleka mtoto shule. Mimi nimekuwa nikienda Shela na kurudi kwa miguu tangu utotoni, kando ya bahari, na babangu alifanya hivyo mpaka alipokufa na miaka 88, siku ya mwisho alitoka msikitini kwa miguu yake.

Lakini bodaboda zimefika kisiwani. Mji wa kale zimekatazwa, nje yake zimejaa. Vijana wetu wa Wiyoni na Kashmiri sasa hawatembei hata kwenda kununua mkate. Mlichosema cha Nauru nimekisoma mara mbili. Hatukuwa tunatembea kwa sababu tuna akili kuliko watu wa miji mingine. Tulitembea kwa sababu mitaa ilitulazimisha, na aliyeijenga hakujua kuwa anatujengea mioyo.

#9 Mgeni wa Kusini

Mlamu, hayo ya mwisho nimeyaandika kwenye daftari langu. Ndivyo ilivyonitokea mimi, nililazimishwa na nikashukuru.

Huku pia barabara ya lami imefika kitambo, na barabara ni kitu kizuri, mjamzito anafika hospitali. Ninachoomba viongozi wetu wa shehia na wapima ramani ni kitu kidogo: njia za kushukia baharini zisizibwe. Mwaka huu tu njia mbili nilizokuwa napita kwenda mwambani zimewekewa ukuta. Bibi sasa anazunguka nusu kilomita kufika maji yaliyo mbele ya nyumba aliyozaliwa. Anasema miguu bado anayo. Mwenzake wa jirani, mwenye goti bovu, ameacha kushuka kabisa tangu ukuta ulipopanda, na huyo ndiye niliyemuona juzi kituoni akipimwa presha.

#10 Kibaigwa Boy

Mkuu, nimeelewa na swali langu nalifuta. Sasa sisi wa Dodoma tusio na bamvua tufanyeje? Na binamu yako umemjibu nini mwishowe?

#11 Mgeni wa Kusini

Kibaigwa, nyinyi mna asubuhi ya baridi na mashamba, na mlenda wenu ukipikwa bila mafuta mengi ni chukuchuku ya bara. Tafuteni kitu ambacho kitakuja kuwagongea mlango kila siku hata msipojisikia: shamba, ng'ombe wa kukamuliwa, mtoto wa kusindikizwa shule kwa miguu. Mimi kwa hiari yangu peke yangu nilishindwa miaka kumi Dar.

Binamu anakuja Ijumaa, na boti ya asubuhi. Ana likizo ya wiki mbili, na nimemwambia aje na vidonge vyake vyote na kile kipimo chake cha mkononi. Nimetazama mwezi, atakuta bamvua inaanza. Bibi ameshaniuliza mara mbili kama kijana ana viatu. Nimempigia tena leo kumkumbusha: vile vya plastiki, vya kuziba vidole, na soli nene, kwa sababu mwambani pana wale wadudu wa miiba mirefu myeusi na jiwe linakata kama wembe.